Chati gani ikae mlangoni, gani wodini, gani zahanati: SATS, NEWS2, UVA, qSOFA na nyingine

Muuguzi wa kituo cha afya anaandika kwenye barua ya rufaa: "TEWS 6, rangi ya chungwa." Gari la wagonjwa linaingia hospitali ya mkoa saa mbili baadaye, na wodi inayompokea mgonjwa inatumia NEWS2. TEWS na NEWS2 zote ni chati za kujumlisha alama za vipimo vya mgonjwa, lakini sita ya kule na sita ya hapa si namba moja. TEWS haihesabu oksijeni hata kidogo, na NEWS2 haina habari kama mgonjwa alikuja kwa miguu au kwa machela. Hakuna jedwali la kugeuza moja kuwa nyingine, na anayejaribu kulitunga anabahatisha.

Kila chati ya kukadiria uzito wa mgonjwa ilitengenezwa mahali fulani kujibu swali fulani. Maswali ni matatu, na watu huyachanganya. La kwanza: kati ya hawa waliokaa kwenye benchi, nani aonwe kwanza? Hiyo ndiyo triaji. La pili: kati ya hawa waliolazwa, nani ameanza kuharibikiwa tangu zamu iliyopita? La tatu: nani yuko katika hatari kubwa ya kufa kabla ya kuruhusiwa, ili tumweke karibu na meza ya wauguzi au tumhamishie chumba cha wagonjwa mahututi? Ukiichukua chati ya swali moja ukaiuliza jingine, itakupa namba safi isiyo na maana.

Mlangoni: SATS au IITT

SATS ni mizani ya triaji iliyoanzia Afrika Kusini. Kikundi cha Cape Town kilianza kuitengeneza mwaka 2004, na leo inatumika katika hospitali za nchi nyingi za Afrika. Ina sehemu mbili, na kosa kubwa linalofanyika ni kutumia moja tu.

Sehemu ya kwanza ni orodha ya dalili zinazompa mgonjwa rangi bila kuhesabu chochote. Anayepigwa na degedege sasa hivi, aliyezibwa njia ya hewa, au mwenye sukari chini ya 3 mmol/L ni mwekundu hata kama namba zake nyingine zimetulia. Maumivu ya kifua, jeraha la kisu kifuani, ghafla kupooza upande mmoja, mjamzito mwenye maumivu ya tumbo: hao ni chungwa.

Sehemu ya pili ni TEWS yenyewe, mambo saba yanayojumlishwa: anavyotembea, pumzi, mapigo, presha ya juu (ile namba ya kwanza kati ya mbili za presha), joto, fahamu, na kama ameumia kwa ajali au kupigwa. Jumla ya 7 na zaidi ni nyekundu, aonwe papo hapo. 5 hadi 6 ni chungwa, ndani ya dakika 10. 3 hadi 4 ni njano, ndani ya saa moja. 0 hadi 2 ni kijani, ndani ya saa nne. Mgonjwa anachukua rangi nzito zaidi kati ya sehemu hizo mbili.

Sasa tazama kijana aliyechomwa kisu kifuani dakika ishirini zilizopita na kuingia akitembea mwenyewe. Pumzi 20 zinampa 1, jeraha linampa 1, vingine vyote ni sifuri. TEWS 2, kijani, asubiri saa nne. Bila ile orodha ya dalili anakaa kwenye benchi huku hewa au damu ikijaa kifuani. Kwa hiyo hospitali inayobandika ukutani jedwali la TEWS pekee na kuacha orodha ya dalili kwenye kabati imefunga nusu ya chati, tena ile nusu inayookoa vijana wenye miili inayojikaza hadi dakika ya mwisho.

IITT, chati nyingine ya triaji iliyotayarishwa kwa pamoja na WHO, ICRC (Msalaba Mwekundu wa kimataifa) na MSF (Madaktari Wasio na Mipaka), inakwenda njia nyingine. Haina kujumlisha. Ina rangi tatu tu, nyekundu, njano na kijani, na muuguzi anashuka orodha ya dalili kutoka juu. Vipimo vinakuja mwishoni kama kichujio: mtu mzima mwenye mapigo chini ya 60 au juu ya 130, pumzi chini ya 10 au juu ya 30, joto chini ya 36 au juu ya 39, oksijeni chini ya 92%, au asiye macho kamili, anapandishwa daraja au anaangaliwa upya na mkubwa wa zamu. Faida yake inaonekana siku ya ajali ya basi, au mahali ambapo anayepokea wagonjwa ni mhudumu wa afya aliyefunzwa wiki moja. Hasara yake ni kwamba njano inakuwa kapu kubwa. Idara ya dharura inayoona watu mia mbili kwa siku itajikuta na wanjano sitini bila njia ya kuwapanga wao kwa wao, na hapo SATS yenye chungwa na njano inasaidia zaidi.

Ushauri wetu hapa ni wa moja kwa moja. Kuna muuguzi aliyetengwa kwa triaji tu, ana mashine ya presha inayofanya kazi na meza yake mwenyewe: chukua SATS. Anayepokea wagonjwa ndiye huyohuyo anayeandikisha na kutafuta faili: chukua IITT, kwa sababu hesabu ya mambo saba haitafanyika, na isipofanyika watu wataandika kijani kwa mazoea.

Wodini: NEWS2 na UVA, na qSOFA pembeni

NEWS2 ni ya chuo cha madaktari cha Uingereza, Royal College of Physicians. Toleo la kwanza lilitoka 2012, la pili Desemba 2017. Inahesabu pumzi, oksijeni kwenye damu, kama mgonjwa yuko kwenye mtungi wa oksijeni (hapo anaongezwa 2), presha ya juu, mapigo, fahamu na joto. Juu kabisa ni 20. Nguvu yake haiko kwenye namba bali kwenye amri inayofuata namba: akiwa na 0, pima tena ndani ya saa 12; akiwa na 1 hadi 4, pima kila baada ya saa 4 hadi 6; akiwa na 5 hadi 6, pima kila saa na daktari aitwe haraka; akiwa na 7 na kuendelea, ni dharura, mgonjwa asiachwe peke yake. Kipimo kimoja kikipata 3 peke yake, nacho kinamtaka daktari hata kama jumla ni ndogo.

Amri hiyo ndiyo inayovunjika kwetu. Chukua wodi ya wagonjwa 40 yenye wauguzi wawili usiku. Wagonjwa wanane wakiwa na 5 na zaidi, na kila kipimo kikichukua dakika tano, dakika 40 za kila saa za muuguzi mmoja zimekwisha kabla dripu haijabadilishwa. Hapo ndipo chati inapoanza kujazwa saa kumi na moja alfajiri kwa usiku mzima, namba zote zikifanana. Ukiona chati ya NEWS2 ambayo pumzi ni 18, 18, 20, 18, hukuti mgonjwa aliyetulia, unakuta muuguzi aliyezidiwa.

UVA ilitokana na wagonjwa wa Afrika. Watafiti walikusanya takwimu za watu wazima 5,573 waliolazwa Gabon, Malawi, Sierra Leone, Tanzania, Uganda na Zambia, wakachapisha chati yao mwaka 2017. Alama zake: joto chini ya 36, alama 2; mapigo 120 au zaidi, alama 1; pumzi 30 au zaidi, alama 1; presha ya juu chini ya 90, alama 1; oksijeni chini ya 92%, alama 2; GCS (mizani ya fahamu, kamili ni 15) chini ya 15, alama 4; kuishi na VVU, alama 2. Jumla 13. 0 hadi 1 ni hatari ndogo, 2 hadi 4 ya kati, zaidi ya 4 kubwa.

Tazama mambo mawili ya ajabu kidogo. Homa haina alama, baridi ndiyo inayo. Mgonjwa mwenye maambukizi mazito aliyepoa ni wa kuogopwa kuliko anayewaka, na ndugu wanaosema "homa imeshuka, anaendelea vizuri" mara nyingine wanaona mwili unaokata tamaa. Na kuchanganyikiwa kidogo tu kunabeba alama nne, karibu theluthi ya chati nzima.

UVA inajibu swali la tatu, la nani yuko hatarini. Haikuja na ratiba ya kupima kila saa kama NEWS2, na haikutengenezwa kwa majeruhi wala kina mama wa uzazi.

qSOFA ilikuja 2016 pamoja na maana mpya ya sepsisi, yaani maambukizi yanayovuruga mwili hadi kuhatarisha maisha: pumzi 22 au zaidi, presha ya juu 100 au chini, fahamu iliyobadilika. Mbili kati ya tatu, hatari. Inakumbukika kirahisi, haihitaji hata oksimita (kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni), na ndiyo maana ilienea kama moto wa nyasi. Lakini inachelewa: inamtambua mgonjwa akiwa tayari amezama. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa 2021 ulishauri isitumike peke yake kuchuja wagonjwa pale ambapo NEWS au chati za aina yake zipo. Kwetu sisi inafaa kama kumbukumbu ya kichwani, si kama chati ya wodi.

Mgonjwa mmoja, chati nne

Mwanamume wa miaka 38 anayeishi na VVU, kikohozi wiki mbili, ameingia akishikwa mkono na kaka yake. Pumzi 28, mapigo 118, presha ya juu 98, joto 35.6, oksijeni 91% bila mtungi, anajibu lakini anataja siku isiyo yenyewe. Safu ya pili ni mgonjwa huyohuyo, ila aliyempima hakuhesabu pumzi, ameandika 20, na hakuuliza maswali, ameandika "yuko macho". Safu ya tatu ni hivyo hivyo, na betri za oksimita zimeisha.

| Chati | Amepimwa sawasawa | Pumzi imebuniwa, fahamu haikuulizwa | Na oksimita haipo |
|---|---|---|---|
| NEWS2 | 14 | 8 | 5 |
| TEWS | 8, nyekundu | 5, chungwa | 5, chungwa |
| qSOFA | 3 | 1 | 1 |
| UVA | 10, kubwa | 6, kubwa | 4, ya kati |

Akipimwa vizuri chati zote nne zinapiga kelele, na hakuna haja ya kubishana ipi bora. Ubora unaonekana pale kazi inapofanyika vibaya, yaani usiku wa kawaida. qSOFA inaanguka kutoka 3 hadi 1 na kumwachia mgonjwa aende kulala. NEWS2 inapoteza karibu theluthi mbili ya alama zake na bado inamwita daktari, kwa kuwa inategemea nguzo nyingi. TEWS haijali oksimita haipo. UVA inabaki kubwa maadamu oksimita ipo na hali ya VVU inajulikana. Isipojulikana, safu ya tatu inashuka hadi 2. Kituo ambacho matokeo ya kipimo cha VVU hayamfuati mgonjwa wodini kisiitegemee UVA.

Fahamu: AVPU, GCS, Blantyre

AVPU ni herufi nne: A, yuko macho, V, anaitika akiitwa, P, anaitika akiumizwa, U, haitiki kabisa. NEWS2 imeongeza C kwa kuchanganyikiwa kupya, na hiyo C ina alama 3 nzima. Inachukua sekunde kumi na haihitaji kifaa. Kwa zahanati, gari la wagonjwa na mlango wa dharura inatosha.

GCS ni ya Glasgow, 1974: macho (E) hadi 4, maneno (V) hadi 5, mwendo wa viungo (M) hadi 6, chini kabisa ni 3. Kwa majeraha ya kichwa na kiharusi hakuna mbadala, kwa sababu inaonyesha mabadiliko madogo ambayo AVPU haiyaoni. Mgonjwa anayeshuka kutoka 14 hadi 12 bado ni "V" kwenye AVPU huku damu ikikusanyika kichwani. P ya AVPU hukaribia GCS 8, mahali ambapo watu huanza kufikiria kumlinda njia ya hewa.

Andika sehemu tatu, si jumla. "GCS 10" inaweza kuwa E4 V1 M5 ya mtu wa kiharusi aliyepoteza kauli lakini anakutazama, au E2 V3 M5 ya mtu anayezama. Mwenye mrija kooni andika V kuwa haipimiki. Macho yaliyovimba hadi kufunga, E haipimiki. Usiandike 1 kwa kitu ambacho hukuweza kukipima.

Na kuna kosa ambalo vitabu vya Glasgow havikulifikiria. Bibi wa Kisukuma anaulizwa kwa Kiswahili leo ni siku gani. Anajibu kwa Kisukuma, muuguzi kutoka Pwani haelewi, anaandika V4, amechanganyikiwa. Kwenye UVA hiyo ni alama nne, kwenye NEWS2 ni tatu, kwa sababu ya lugha tu. Muulize aliyemleta kama hivi ndivyo bibi anavyozungumza kila siku. Mzee asiyesikia naye huingia kwenye shimo hilo hilo.

Kumuumiza mgonjwa ili kupima kuwe kwa kubonyeza ncha ya kucha au kubana msuli wa bega. Kusugua kidari kwa ngumi kumezoeleka mno, lakini kunaacha michubuko na jibu lake halisomeki vizuri.

Mtoto mdogo ambaye bado hajui kusema anapimwa kwa mizani ya Blantyre, iliyotoka Malawi kwa ajili ya malaria ya ubongo: viungo hadi 2, sauti hadi 2, macho 1. Mtoto akifuata uso wa mama yake kwa macho, amepata hiyo 1. Jumla ya 2 au chini ni koma.

Watoto: IMCI zahanati, ETAT hospitali

Hapa uchaguzi si mgumu kama unavyoonekana. IMCI, mwongozo wa kuhudumia watoto wagonjwa, ni ya kituo cha chini, kwa mtoto wa miezi 2 hadi miaka 5: hanywi wala hanyonyi, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hajitambui. Moja tu kati ya hizo, rufaa baada ya dozi ya kwanza. Pumzi zake zina mipaka kwa umri: 50 kwa dakika kwa miezi 2 hadi 11, 40 kwa mwaka mmoja hadi miaka 5, mchanga wa chini ya miezi 2, 60.

ETAT, utaratibu wa triaji na matibabu ya dharura kwa watoto, ni ya mlango wa hospitali, na hospitali nyingi za Kenya na Rwanda zinaifahamu kwa toleo la ETAT+. Inatafuta dalili za dharura kwa mpangilio wa njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, koma na degedege, kisha upungufu wa maji. Ukikuta dalili unasimama hapo hapo na kutibu; huendelei na orodha kwanza ili ujaze fomu. Anayefuata kipaumbele ni mtoto wa chini ya miezi 2, mwenye homa kali, aliyepauka, aliyekunywa sumu, mwenye maumivu makali, aliyeungua, mwenye utapiamlo au miguu yote miwili iliyovimba, na yule aliyekuja na barua ya rufaa. Huyu wa barua husahaulika: mtu mwingine ameshamwona na kuogopa, hastahili kuanza foleni upya.

Sehemu ya mzunguko wa damu ilibadilika, na waliofunzwa zamani hawajui wote. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 na kuchapishwa 2011, liliwakuta waliopewa maji mengi ya haraka mshipani wakifa zaidi, kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48 dhidi ya 7.3 ya wasiopewa. Mwongozo wa WHO wa 2016 ukakaza masharti ya kuita hali shoku, yaani damu kushindwa kuzunguka vya kutosha: mikono na miguu ya baridi, na damu kuchukua zaidi ya sekunde 3 kurudi kwenye ukucha uliobonyezwa, na mapigo dhaifu ya haraka. Zote tatu. Mtoto mwenye mikono ya baridi tu asipewe maji ya kasi. Chati ya ukutani iliyochapishwa kabla ya hapo, ing'oe. Na ukucha ubonyeze na kuuhesabu mwenyewe kwa sekunde, "moja elfu, mbili elfu, tatu elfu". Kwenye chumba cha baridi alfajiri hata mtoto mzima atachelewa.

Usimpime mtoto kwa NEWS2; ni ya miaka 16 na kuendelea. SATS ina chati zake za watoto, moja ya chini ya miaka 3 na nyingine ya miaka 3 hadi 12, na umri usipojulikana wanatumia urefu: sentimita 95 na 150 ndizo mipaka.

Mama mjamzito na aliyejifungua

NEWS2 haikusudiwi kwa wajawazito. Mama aliyetoka kujifungua, mapigo 116, presha ya juu 104, pumzi 22, joto 36.8, oksijeni 97%, anaongea vizuri. UVA yake ni sifuri. qSOFA ni 1. Naye anavuja damu chini ya kanga. Gawanya mapigo kwa presha ya juu: 116 kwa 104 ni 1.1. Namba hiyo ikifika 0.9 kwa mama anayetoka damu, ni wakati wa kuanza safari ya rufaa, si wa kusubiri presha ishuke. Ni kipimo cha simu ya mkononi na kikokotoo. Kwenye wodi ya wazazi tunakiweka mbele ya chati zote za watu wazima.

Kinachoharibu namba kabla hazijafika kwenye chati

Pumzi zihesabiwe dakika nzima, mgonjwa asijue. Shika mkono wake kama unapima mapigo, kisha tazama kifua. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne kunatoa 16, 20, 24 tu, na kukosea pumzi moja kunakuwa kukosea nne, umbali unaotosha kuvuka kutoka 0 hadi 2 kwenye NEWS2.

Oksimita inadanganywa na kidole cha baridi, kucha za rangi, na kwa wanawake wa Pwani hina nyeusi au piko la harusi. Jaribu kidole kingine au ncha ya sikio. Subiri mawimbi yatulie kabla ya kusoma. Kuna jambo zito zaidi: utafiti wa Marekani wa 2020 uliwakuta wagonjwa Weusi ambao oksimita inasoma 92 hadi 96% wakiwa kwa kweli chini ya 88% kwa asilimia 11.7, dhidi ya 3.6 kwa Wazungu. Kwa hiyo 93% ya mgonjwa anayehema isikupe usingizi. Upande wa pili, Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu mzima wa afya huko anaweza kusoma 95 na kupewa alama 1 na NEWS2 kwa kosa la kuzaliwa mlimani.

Mkanda wa presha ukiwa mdogo kwa mkono mnene unasoma juu, ukiwa mkubwa kwa mkono mwembamba unasoma chini. Nunua saizi tatu. Kipimajoto cha paji la uso hakifai kwa aliyetoka juani au mwenye jasho, na kwa UVA kosa la nusu nyuzi kwenye mpaka wa 36 ni alama mbili.

Kinachoandikwa kwenye barua

Marekani nao walikwama hapa, kwenye huduma za baada ya hospitali. Nyumba za uuguzi zilijaza fomu ya MDS, huduma za nyumbani OASIS, hospitali za utengamao IRF-PAI, na uwezo wa mgonjwa mmoja kutembea uliandikwa kwa mizani tofauti kila alikohamia. Sheria ya IMPACT ya 2014 haikufuta fomu hizo. Ilitaka sehemu ya maswali iwe ileile katika zote, na sasa uwezo wa kujihudumia unaandikwa kwa mizani moja ya 1 hadi 6, nyumbani na hospitali.

Sisi tufanye hivyohivyo kwa njia rahisi zaidi. Kila ngazi ibaki na chati inayoifaa: IMCI na AVPU zahanati, IITT kituo cha afya, SATS na ETAT mlangoni mwa hospitali, NEWS2 wodini ikiwa wauguzi wanatosha, na wasipotosha UVA siku ya kulazwa ili kuamua nani alale karibu na meza. Lakini kwenye barua ya rufaa alama zisiende peke yake. Ziende namba ghafi:

*Saa 8:40 mchana. Pumzi 28 (dakika nzima). Mapigo 118. Presha 98/60. Joto 35.6 kwapani. Oksijeni 91% bila mtungi. C, anataja siku isiyo yenyewe, kaka anasema jana hakuwa hivi. Sukari 5.2. TEWS 8.*

Mistari miwili. Anayepokea atatoa humo NEWS2 yake au qSOFA, na akijua VVU, UVA. Muhimu kuliko yote ni "bila mtungi" na saa. Oksijeni 96% kwenye lita 5 na 96% bila chochote ni wagonjwa wawili tofauti, na vipimo visivyo na saa haviwezi kulinganishwa na vya mlangoni kujua kama njiani ameshuka.

Ukishachagua, usibadilishe mipaka ya alama kwa kuona wagonjwa wengi mno wanakuwa wekundu. Badilisha nani anaitwa, au mara ngapi unapima, ila 7 ibaki 7. Kila Ijumaa chukua faili 20 bila kuchagua, uliza matatu: vipimo vyote vipo? Jumla ni sahihi? Alama ilipovuka mpaka, nani aliitwa na alifika saa ngapi? Swali la tatu ndilo litakalokuwa tupu kwenye faili nyingi za mwanzo, na likijibiwa tupu miezi mitatu mfululizo, tatizo liko kwenye simu ya daktari wa zamu na si kwenye chati.